Pasipoti, NIDA au nakala yenye muhuri wa wakili? Jibu kwa mzazi wa Moshi ambaye binti yake anakwenda Marekani

Mama mmoja wa Moshi ameniandikia kuhusu binti yake mwenye umri wa miaka 22, aliyehitimu chuo cha hoteli hapa Arusha na ambaye karibuni ataondoka kwenda kufanya mafunzo ya vitendo kwa mwaka mmoja katika hoteli iliyopo jimbo la Massachusetts, Marekani. Binti si mnywaji, lakini hupenda kukaa na wenzake jioni kwa glasi ya mvinyo, na waliomtangulia wamemwambia kwamba huko hataingia baa bila kuonyesha pasipoti. Mama anauliza kama kweli ni lazima binti atembee na pasipoti usiku, au kama inatosha kubeba kitambulisho cha NIDA, leseni ya udereva, au nakala ya pasipoti iliyogongwa muhuri wa wakili, ambayo tayari ameshamwandalia. Hofu yake ni moja: kwamba pasipoti ikipotea, safari nzima imeharibika.

Mama, hongera kwa kumfikisha binti hapo. Hofu yako ni ya haki, na nitaeleza baadaye kwamba hasara ya kupoteza pasipoti ni kubwa hata kuliko unavyodhani. Hata hivyo jibu la swali lako ni kwamba, kwa miezi ya mwanzo, hati pekee ambayo binti anaweza kuitegemea mlangoni mwa baa ni pasipoti yenyewe, ile halisi. Nakala yenye muhuri wa wakili haitamfaa kwa jambo hili, NIDA itamfaa kwa bahati tu, na leseni vivyo hivyo. Kwa hiyo linalobaki ni kujua siku gani aibebe na siku gani aiache, na namna ya kufupisha kipindi ambacho atalazimika kuibeba.

Ninaelewa kwa nini jambo hili linaonekana geni. Mtu mzima anayeingia baa hapa Arusha au huko Moshi haombwi chochote zaidi ya kuagiza. Si kwamba hatuna sheria: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na inakataza kumuuzia pombe. Lakini utekelezaji wake unategemea macho ya mhudumu, na mhudumu akiona mtu mwenye sura ya utu uzima humletea anachotaka. Kijana aliyekulia katika mazoea hayo anapofika nchi ambayo hata mzee mwenye mvi huweza kuombwa kitambulisho, hudhani amebaguliwa au ametiliwa shaka, na wengine huanza kubishana mlangoni. Binti aambiwe mapema kwamba kuombwa kitambulisho huko hakumaanishi kudharauliwa.

Sababu yake ni hii. Marekani iliweka sheria mwaka 1984 ambayo kwayo serikali ya shirikisho ilikata sehemu ya fedha za barabara kwa jimbo lolote lililoruhusu walio chini ya miaka 21 kununua pombe au kuwa nayo hadharani, na majimbo yote yakafuata. Tangu hapo mwenye baa amebeba mzigo wa kujua umri wa mteja wake. Akimuuzia aliye chini ya umri, anaweza kutozwa faini, leseni yake ya biashara kusimamishwa au kufutwa, na mhudumu mwenyewe kushitakiwa. Ndiyo maana baa nyingi zimejiwekea utaratibu wa kumwomba kitambulisho kila anayeonekana kuwa chini ya miaka 30, nyingine 40, na nyingine kila anayeingia bila kujali sura. Binti wa miaka 22, tena mwenye sura ya ujana kama walivyo wengi wetu tukilinganishwa na wenzetu wa huko, ataombwa karibu kila mara.

Sasa tuje kwenye nakala uliyoiandaa. Katika nchi yetu muhuri wa wakili una nguvu: nakala iliyothibitishwa hupokelewa kwenye maombi ya kazi, vyuoni na katika ofisi nyingi za serikali, kwa sababu anayeipokea anajua wakili ni nani na anaweza kumfuatilia. Baunsa, yaani mlinzi wa mlango wa baa, wa Boston, mji mkuu wa Massachusetts, hana njia hiyo. Mbele yake ni karatasi tu, ambayo mtu yeyote mwenye kompyuta na printa angeweza kuitengeneza, na yeye amefundishwa kugusa hati, kuigeuza kwenye mwanga na kutafuta alama za usalama ambazo karatasi ya nakala haina. Picha ya pasipoti iliyohifadhiwa kwenye simu itakataliwa kwa sababu hiyohiyo. Usiitupe nakala hiyo lakini. Nafasi yake ni kwenye begi, mbali na pasipoti halisi, ili siku ikitokea pasipoti imepotea binti awe na namba yake, tarehe ya kutolewa na taarifa nyingine zote ambazo ubalozi utazihitaji.

Kitambulisho cha Taifa, yaani hicho cha NIDA, ni hati halali ya serikali yetu na kina picha na tarehe ya kuzaliwa. Hata namba yenyewe huanza kwa tarakimu nane za mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, jambo ambalo Watanzania wengi wanalibeba kila siku bila kuligundua. Tatizo ni kwamba mtu wa mlangoni hajawahi kukiona, hajui sura ya kadi halisi, na hana cha kulinganisha nacho. Baadhi ya baa huwa na kitabu chenye picha za vitambulisho na leseni za majimbo yote ili mlinzi alinganishe, lakini zetu si sehemu ya mazoea yake. Leseni yetu ya udereva ina udhaifu huohuo, na pia hatari nyingine ambayo nataka binti aielewe vizuri. Wamarekani huandika mwezi kabla ya siku. Mtu aliyezaliwa tarehe 8 Machi 2003, ikiwa tarehe yake imeandikwa kwa tarakimu tupu 08/03/2003, atasomwa kuwa amezaliwa tarehe 3 Agosti. Kwa mwenye miaka 22 tofauti hiyo haidhuru, lakini aliyezaliwa tarehe 25 Machi atasomwa kuwa na mwezi wa ishirini na tano, na baunsa aliyechoka atahitimisha kwamba kadi ni ya kughushi. Ama kibali cha kimataifa cha udereva, kile kijitabu cha karatasi, hakikutengenezwa kuwa kitambulisho na hakuna anayekihesabu kuwa uthibitisho wa umri.

Pasipoti imeepuka matatizo hayo yote kwa sababu ukurasa wake wa taarifa haukubuniwa na nchi moja. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, limeweka mpangilio ambao nchi zote hufuata, na kwa hiyo anayejua kusoma pasipoti ya Ufaransa anajua kusoma ya Tanzania. Chukua pasipoti ya binti uifungue kwenye ukurasa wenye picha. Chini kabisa utaona mistari miwili ya herufi kubwa, tarakimu na alama zinazofanana na vichwa vya mishale. Mstari wa kwanza huanza na P, kisha hufuata TZA, ambayo ni alama ya nchi yetu, halafu jina la ukoo na majina mengine. Mstari wa pili huanza na namba ya pasipoti, ikifuatiwa na tarakimu moja ya kuhakiki, kisha TZA tena kwa ajili ya uraia, halafu tarakimu sita za tarehe ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Kwa huyo wa tarehe 8 Machi 2003 zitasomeka 030308, na baada yake itafuata tarakimu 8, ambayo imepatikana kwa hesabu maalumu kutokana na zile sita. Mtu akibadilisha mwaka wa kuzaliwa peke yake, tarakimu hiyo ya kuhakiki kwa kawaida haitalingana tena, na mashine ya kusomea itaonyesha kosa hapo hapo. Baa zenye mashine huisoma mistari hiyo; zisizokuwa nayo hutumia tochi ndogo ya mwanga wa zambarau, ambao huonyesha michoro iliyofichwa kwenye ukurasa. Kwa hiyo binti akiona mtu anaiinamisha pasipoti yake, anaipapasa kwa kidole gumba na kuimulika, asihamaki, maana hiyo ndiyo kazi ya mtu huyo.

Kwa Massachusetts kuna sababu nyingine iliyo nzito zaidi. Sheria ya jimbo hilo imetaja hati ambazo muuzaji akizitegemea kwa nia njema hupata kinga endapo itabainika baadaye kwamba mteja alikuwa chini ya umri. Humo zimo leseni ya udereva ya Massachusetts, kadi ya utambulisho ya jimbo hilo, kitambulisho cha jeshi, na pasipoti iliyotolewa na Marekani au na serikali inayotambuliwa na Marekani. Kwa muda mrefu leseni za majimbo mengine hazikuwemo, na Mmarekani wa New York mwenye leseni halali kabisa aliweza kugeuzwa mlangoni Boston kwa sababu hiyo. Ukilielewa hilo utaona kwamba baa inayoikataa NIDA haina ubaya na Tanzania: mwenye baa anakataa kubaki bila kinga. Pasipoti ya binti yako, kwa upande mwingine, imo ndani ya sheria yao.

Nilisema hasara ya kupoteza pasipoti ni kubwa kuliko unavyodhani, na hapa ndipo ninapounga mkono tahadhari yako kwa moyo wote. Kitabu chenyewe kinaweza kupatikana tena kupitia ubalozi wetu uliopo Washington, ingawa kwa gharama, usumbufu na kungoja. Kigumu zaidi ni viza iliyobandikwa ndani yake. Viza ya Marekani iliyopotea haitolewi upya mtu akiwa ndani ya Marekani. Ni lazima aombe upya kwenye ubalozi wa Marekani nje ya nchi hiyo, na kwa binti hiyo maana yake kwa kawaida ni kurudi Dar es Salaam. Akibaki ndani ya Marekani ataendelea kuwa halali, kwa sababu uhalali wa kukaa unatokana na kumbukumbu ya kuingia nchini, ile iitwayo I-94, pamoja na fomu DS-2019 ya mafunzo yake, na si kwenye karatasi ya viza. Lakini hatoweza kutoka na kurudi. Ikiwa mnapanga aje Desemba kula Krismasi nyumbani kama ilivyo desturi ya Kilimanjaro, basi jueni kwamba pasipoti iliyoachwa kwenye kiti cha teksi mwezi Oktoba itamaanisha ama Krismasi ya huko, ama foleni ya viza Dar es Salaam wakati waajiri wake wanamsubiri.

Kwa sababu hiyo maoni yangu ni kwamba asiibebe kila siku. Kabla ya kutoka chumbani ajiulize kama jioni hiyo ataagiza kinywaji chenye kileo au ataingia mahali ambapo mlango wenyewe ni wa waliotimiza miaka 21. Kama ni chakula cha kawaida na soda, pasipoti ibaki kwenye kabati lenye kufuli au sefu. Sheria ya shirikisho inamtaka mgeni mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea atembee na uthibitisho wa usajili wake, na kwa walio wengi uthibitisho huo ni I-94, ambayo huchapishwa bure kutoka kwenye tovuti ya forodha ya Marekani. Karatasi hiyo iwe kwenye mkoba wake siku zote, hata pasipoti ikiwa imebaki. Haitamwingiza baa, lakini itamkinga asikutwe mikono mitupu na ofisa.

Usiku anaoibeba, isikae kwenye mfuko wa nyuma wala kwenye koti analolitundika kitini. Pochi ndogo yenye zipu, inayovaliwa mwilini na kubaki mwilini hata anapocheza muziki, inatosha. Aitoe mwenyewe, aifungue mwenyewe kwenye ukurasa wa picha, aikabidhi, na asiondoe macho hadi irudi mkononi. Asiiache kamwe kaunta kama rehani ya bili inayoendelea, kwa kuwa baa nyingi huko hushikilia kadi ya benki kwa kazi hiyo na kuna wahudumu watakaopokea chochote wanachopewa. Pasipoti ni mali ya Serikali ya Tanzania, binti ni mtunzaji wake, na hana ruhusa ya kuiweka dhamana. Ikitokea mtu wa mlangoni anadai ni ya kughushi na anataka kubaki nayo, asinyang'anyane naye. Aombe kwa utulivu meneja aitwe, na ikibidi polisi waitwe hapo hapo, kwa sababu mwenye hati halali hana cha kuhofia mbele ya polisi katika jambo hilo.

Njia ya kuufupisha usumbufu huu wote ipo, na ningependa binti aifanyie kazi mapema. Majimbo ya Marekani hutoa kadi ya utambulisho kwa wasioendesha gari, kupitia ofisi ileile inayotoa leseni za udereva. Mgeni aliyeko kihalali anaweza kuiomba akitimiza masharti ya jimbo, ambayo hugusa muda wa kibali chake cha kukaa na uthibitisho wa makazi. Akishapokelewa hotelini na kupata barua inayoonyesha anapoishi, aende na pasipoti, I-94 na DS-2019 akaulize anastahili kadi ipi. Akiipata, pasipoti itafungiwa kabatini na kutoka siku za safari tu, kwa kuwa kadi hiyo ndiyo ambayo kila baunsa wa jimbo anaijua. Kuna jambo dogo la kujua kuhusu kadi hizi: katika majimbo mengi, za walio chini ya miaka 21 hupangwa wima na za waliotimiza hupangwa kwa ulalo, ili mlinzi atambue kwa mtupo mmoja wa jicho.

Njiani hapatakuwa na shida. Akisafiri kwa ndege ya kutoka KIA kupitia Amsterdam, umri wa kununua pombe Uholanzi ni miaka 18, na pasipoti atakuwa nayo mkononi kama kila msafiri wa uwanjani. Siku akitembelea Uingereza, umri ni 18 lakini maduka na baa nyingi humwomba kitambulisho kila anayeonekana kuwa chini ya 25. Japani ni 20, na huko mgeni wa muda mfupi anatakiwa na sheria kutembea na pasipoti yake wakati wote, iwe anakwenda baa au sokoni. Kanada ni 19 kwa mikoa mingi, na 18 kwa Alberta, Manitoba na Quebec. Dubai ni 21.

Kabla hajaondoka, fanyeni kazi moja nyumbani. Laza mezani pasipoti, kadi ya NIDA, cheti cha kuzaliwa na kadi ya benki, mlinganishe majina herufi kwa herufi na tarehe tarakimu kwa tarakimu. Mtu wa mlangoni akiwa na shaka mara nyingi huomba hati ya pili yenye jina, na kadi ya benki hutosha. Lakini kama pasipoti ina jina la ukoo la baba na kadi ya benki ina jina la babu, maelezo yake yatakuwa marefu mahali ambapo hakuna anayesikiliza kwa sababu ya kelele za muziki. Hitilafu ya tarehe ni mbaya zaidi, na marekebisho yake hufanyika hapa nchini, wakati bado kuna nafasi ya kwenda RITA, wanaotoa vyeti vya kuzaliwa, au NIDA kwa miguu yenu.

Mwisho ni jambo ambalo hukuliuliza, lakini ninaliona kuwa zito kuliko yote. Katika mafunzo hayo binti atakutana na wenzake wa miaka 19 na 20, wengine kutoka hapahapa Afrika Mashariki, ambao nyumbani ni watu wazima na wamezoea kununua bia yao bila kuulizwa. Huko hawaruhusiwi, na watamwomba, kwa urafiki kabisa, awanunulie yeye mwenye pasipoti inayokubalika, au awaazime pasipoti kwa kuwa sura zinakaribiana. Akatae yote mawili. Massachusetts inamhesabu anayempatia pombe aliye chini ya miaka 21 kuwa mkosaji anayeweza kutozwa faini ya hadi dola 2,000, kufungwa hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Na kumwazima mtu pasipoti ili ajifanye ni wewe ni kosa jingine juu ya hilo. Kwa raia wa huko kesi ya namna hiyo huweza kulipiwa faini ikapita. Kwa mgeni mwenye viza ya mafunzo inaweza kumkatizia programu na kumfuata kila atakapoomba viza tena, kwa sababu fomu za viza huuliza kama mwombaji amewahi kukamatwa. Mwambie hivyo wewe mwenyewe, mama, kabla ya siku ya kumsindikiza KIA. Akisikia kutoka kwako atakuwa na la kuwajibu wenzake.